Maswali ya Muuguzi wa Homa Bay

Nilipomaliza chuo pale Rongo, nilimwambia mama sitatafuta kazi mpaka raga inikatae. Akauliza kama raga inaajiri. Timu yetu ya Migori ilifanyia mazoezi kwenye uwanja wa shule ya msingi, tukishafukuza ng'ombe, na hakuna aliyelipwa. Kisha kocha akasema mtu wa klabu moja ya Nairobi atakuja Homa Bay kutuangalia, anatafuta fowadi mmoja wa kumpa mkataba. Wiki hiyo sikutulia hata kwenye kiti.

Tulikuwa na tabia niliyoidharau. Mchezaji akigongwa kichwa, muuguzi humwuliza tuko wapi, alama ni ngapi, nani amefunga mwisho. Akikosea, anatoka na harudi. Kwa hiyo mmoja wetu huinama karibu, eti anafunga kamba za viatu, akimnong'onezea majibu kwa Kijaluo. Niliwahi kumwuliza kocha kichwa kinachopimwa hapo ni cha nani. Akanizungusha uwanja mara tano.

Siku ya mechi pale Homa Bay, kipindi cha pili, nilimwangusha mtu, goti lake likanipata kwenye paji la uso. Nilipofumbua macho, muuguzi alikuwa amepiga magoti mbele yangu, mama wa makamo mwenye hijabu.

"Alama ngapi?"

Sikujua. Ng'ambo ya uwanja, mtu wa Nairobi alikuwa ameshika daftari.

"Wachne ni apar gariyo," mwenzangu akanong'ona.

"Kumi na mbili," nikasema.

Muuguzi hakugeuka. "Omera, we puonje," akamwambia mwenzangu aache kunifundisha, kwa Kijaluo safi kuliko changu. "Nimezaliwa hapa mjini, baba yangu akiuza vitambaa. Mlidhani hijabu inaziba masikio?"

Mwenzangu akaachana na kamba zake.

"Sasa jibu mwenyewe, kijana. Nani amefunga mwisho?"

"Kwani ukiniondoa, wewe unapata nini?"

"Napata usingizi," akasema, akanishika mkono kunitoa.

Mtu wa Nairobi alikuja akamwuliza kitu, muuguzi akatikisa kichwa, na yule mtu akafungua ukurasa mwingine wa daftari. Sikuweza kuvumilia. Nilisimama, nikamwambia kocha niko sawa, anirudishe.

"Tunashambulia upande gani?" akaniuliza.

Nikanyoosha kidole kuelekea ziwani. Wenzangu walikuwa wanakimbia na mpira kuelekea barabarani.