Transista Mbili za Ampli ya Mama Cathy

Kwa miaka mingi fundi Laurent Kapya hakuwa na mwenzake pale Katuba. Ampli za miaka ya sabini, zile mashine nzito za kukuza sauti zenye ubavu wa mbao na vitufe vya chuma, zilimfikia kutoka kila pembe ya Lubumbashi. Kisha Edouard Mbuyi akafungua karakana mtaa wa pili, na Laurent akaanza kulala vibaya.

Edouard alikuwa bado kijana, mjukuu wa watu waliokuja kutoka Kasai. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichokuwa nacho ni vipuri. Mteja aliyeambiwa na Laurent kwamba kifaa fulani hakipatikani tena alikwenda kwa Edouard, na baada ya siku chache alipita tena mbele ya mlango wa Laurent, mashine yake begani, nzima. Mchana, Edouard alipokuwa akijaribu spika, besi ilifika mpaka kwenye meza ya Laurent, safi, bila mkwaruzo. Laurent alikuwa na sikio. Aliijua kazi nzuri akiisikia, na hicho ndicho kilichomchoma.

"Yule iko na ndugu ku Belgique," alimwambia mkewe, Mujinga. "Banamutumia bipande mu valizi. Miye nikuwe na ndugu kule, ungeona."

Mujinga alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. "Nani alikuambia?"

"Haiko lazima muntu aniambie."

"Laurent, uko na jaluzi, wivu tu."

Siku hizo hizo akaja Mama Cathy, mjane wa mtaa wa Laurent, na ampli ya marehemu mumewe imefungwa ndani ya kitenge. Mwezi uliofuata familia ingekusanyika kumvua nguo za msiba. "Papa Laurent," alisema, "siku ile ninapenda madiski ya bwana yangu biimbe mu ampli yake mwenyewe. Haiko mu ingine."

Laurent aliifungua na kuona ugonjwa mara moja: transista mbili kubwa za upande wa kushoto, zile zinazosukuma spika, zilikuwa zimeungua. Mengine yote yalikuwa mazima. Lakini viwanda viliacha kuzitengeneza zamani. Alizunguka mjini, duka baada ya duka, mpaka akapata mbili zenye namba ile ile, zinang'aa. Alipozipima kwenye kiganja alihisi ni nyepesi mno. Angeziacha pale pale, ila njiani alikuwa amepita mbele ya karakana ya Edouard, akamwona mtu akiingiza redio ya zamani, ile ya kabati, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameikataa. Akazinunua, akaja kuzichomelea.

Ampli iliimba kidogo, ikanuka, ikatoa moshi. Laurent alichukua koleo akavunja kofia ya transista moja. Ndani, kile kipande kinachofanya kazi yote kilikuwa kidogo kama punje ya sukari. Alipoifuta nyingine kwa kitambaa chenye spiriti, namba ikatoka yote. Zilikuwa bandia.

Mama Cathy akarudi kuuliza. "Ingali inaomba wakati, mama," Laurent alimjibu.

"Nisiipeleke kwa Edouard?"

"Hapana," alisema, haraka kuliko alivyotaka.

Jumamosi asubuhi alimwona Edouard akipanda pikipiki na mfuko mtupu. Laurent akasimamisha pikipiki nyingine na kumwambia dereva aifuate. Aliona haya, mtu mzima kama yeye, kumwandama mwenzake kama mume anayemchunguza mkewe. Alitegemea kufika mahali panapopokelewa mizigo ya ndege. Badala yake walitoka mjini, wakapita mashamba ya mahindi ya Kasungami, na Edouard akaingia katika uwanja wa Chomba, mnunuzi wa chuma chakavu.

Laurent alimkuta amechuchumaa katikati ya maiti za mashine, akiyeyusha risasi ya kuchomelea kwa chuma kilichopashwa motoni na kung'oa vipuri kimoja kimoja. Mashine iliyokuwa mbele yake ilikuwa imeandikwa mgongoni, kwa rangi nyekundu: MORT, imekufa. Ile nyuma yake pia. Mwandiko ulikuwa wa Laurent. Mashine ikimshinda, au mwenyewe akiitelekeza, aliiandika hivyo na kuiuza kwa wakusanya vyuma, ili mtu asije akamrudishia.

Edouard aliinua macho. "Mukubwa Laurent. Karibu."

"Bipande byako binatoka hapa?"

"Byote. Nilifikiri unajua." Akagusa ile rangi. "Nikiona hii, ninajua transfo ya umeme njo ilikufa, ao muntu alichoka. Lakini bingine byote biko bizima, juu weye hauharibu kitu ukifungula."

Yalikuwa maneno ya heshima, na Laurent aliyasikia kama kofi. Angependa zaidi yule ndugu wa Belgique. Kuwa na ndugu Ulaya ni bahati tu, na bahati ya mtu unaweza kuisamehe. Hapa kijana alikuwa ameokota alichokitupa yeye, kwa mikono kama ile aliyokuwa nayo yeye.

"Unatafuta nini?" Edouard aliuliza.

Laurent hakutaka kusema, akasema. Edouard akaingiza mkono mfukoni mwa koti na kutoa transista mbili zilizochakaa. "Nilizipima. Zinalingana nguvu. Beba."

"Sitaki," Laurent alisema, akaondoka.

Nyumbani alimsimulia Mujinga yote, akitegemea atamhurumia. Mujinga alimsikiliza mpaka mwisho. "Kilio iko ya Mama Cathy," alisema. "Haiko yako."

Laurent akaenda kwa Edouard kuzichukua. Kabla ya kuzifunga alizipima na kuzipima tena, akitamani kukuta kasoro. Hakukuta.

Siku ilipofika, uani kwa Mama Cathy rumba ya zamani ilijaa mpaka barabarani, na wanawake wakainuka kucheza. Mama Cathy alimshukuru Papa Laurent mbele ya wote. Watu wakapiga makofi. Edouard, aliyekuwa amekaa nyuma na chupa yake ya soda, alipiga pia. Laurent alimtazama, akisubiri kuona uso wa mtu aliyeibiwa. Hakuona kitu. Hata moyo huo usio na kinyongo Edouard alikuwa nao, na yeye hana.

Akasimama. "Mama, transista iko ya Edouard. Miye nilifunga tu."

"Ah?" Mama Cathy akageuka. "Basi Edouard, kaka yangu iko na fonografu, upite kesho uiangalie."

Laurent alijuta kabla hajakaa.

Siku hizi haandiki tena MORT, wala hauzi. Mashine zilizokufa zimejaa chumba cha nyuma, na Mujinga analalamika. Edouard huenda Kasungami Jumamosi, na mara nyingi amemwomba mukubwa waende pamoja. Laurent husema Jumamosi mguu unamsumbua. Yeye huenda Ijumaa, alfajiri, na mfuko mtupu, kumwamsha Chomba amfungulie geti.