Masharubu ya Mama Mkwe

Fundi huyu wa video watu walimwita Nusuneno, maana hakuna aliyewahi kumsikia akimaliza sentensi. Ulimi wake haukuwa na kasoro. Alikuwa mwenye haya, halafu akaoa mwanamke anayejua kila utakachosema kabla hujafungua kinywa.

Kazi yake ilikuwa kurekodi harusi na kuzibana. Alichukua sherehe nzito kama gunia la mawe, akaifanya nyepesi hata ipenye kwenye simu ya mtu aliye mbali. Wiki hiyo alikuwa na harusi moja tu mkononi, nayo ilikuwa ya kufa na kupona. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa ameoa. Wageni walikwisha kuondoka wote isipokuwa mama mkwe. Dada mkubwa wa mama mkwe alikuwa amelazwa hospitali ya mbali, kesho asubuhi angefanyiwa upasuaji, na aliomba kitu kimoja tu: aione harusi ya mtoto wao kabla ya kisu.

"Siondoki hapa mpaka dada aone," alisema mama mkwe, akajimwaga kwenye kochi.

Mtandao wa hospitali ulikuwa mwembamba kama uzi. Nusuneno aliibana harusi, akaikamua tena, akaituma. Haukupita muda simu ya mama mkwe ikalia.

"Mdogo wangu," sauti dhaifu ilisema, "harusi nimeiona. Lakini niambie ukweli. Masharubu umeanza kuota lini?"

Mama mkwe akaitazama video mwenyewe. Kweli bwana. Pale taa za ukumbi zilipokuwa zikiwaka na kuzima, alikuwa akicheza kwa madaha, na juu ya mdomo wake yamekaa masharubu meusi, mazito, yamechanwa vizuri. Yalikuwa ya mshereheshaji, aliyekuwa amekatiza mbele ya kamera. Mwenyewe alishakwenda zake. Masharubu yalibaki.

"Binti yangu," mama mkwe alisema taratibu, bila kumtazama mkwewe, "huyu mtu wako ana ugomvi gani na mimi?"

Nusuneno alitamani ardhi ipasuke. "Mama, ni mashine, huwa ina..."

"Inakisia," mkewe akamalizia.

Na ndivyo ilivyokuwa. Video ni picha nyingi zinazofuatana, na nyingi zinafanana. Kwa hiyo mashine haitumi kila picha nzima. Inakisia picha ijayo kwa kutazama iliyopita, kisha inatuma masahihisho tu. Ikikisia vizuri, masahihisho ni kidogo na mzigo ni mwepesi. Lakini zile taa ziliichanganya, makosa yakawa mengi, na kwa kuwa Nusuneno alikuwa amebana mno, masahihisho mengine yakatupwa. Hapo ndipo mama mkwe alipopata masharubu.

Asipobana, video haifiki. Akibana, mama mkwe ni mwanamume. Nusuneno alikaa nyuma ya pazia linalotenga kona yake ya kazi, akajikuna kichwa mpaka kikamuuma. Jioni wauguzi hukusanya simu za wagonjwa. Mwishowe akatoka, akasimama mlangoni pa jiko.

"Unataka chai," mkewe alisema. "Jana saa kama hizi ulitaka chai."

"Chai ya nini?" mama mkwe akadakia kutoka kwenye kochi. "Mwone jasho, na shati lilivyomganda. Huyo anataka kitu cha baridi."

"Mama, mume wangu namjua mimi."

"Wewe unamjua wa jana. Mimi namwona wa sasa."

"Haya basi, chai iliyopoa!"

"Hapo sawa."

"Bila sukari," Nusuneno akasema.

Hilo tu ndilo lililokuwa limebaki. Mmoja peke yake angekosea. Wawili walipochanganywa, mwenyewe alibakiza maneno mawili. Kidole kimoja hakivunji chawa! Akageuka mbio, akajikwaa kwenye pazia, akaangukia kiti chake.

Mashine ilikuwa na njia nyingine ya kukisia, nayo haiangalii picha iliyopita. Inatazama majirani ndani ya picha hiyohiyo: shavu la huku ni la mama mkwe, la kule ni lake, basi na katikati hapawezi kuwa pa mshereheshaji. Na kulikuwa na ya tatu, ambayo hakuwahi kuigusa kwa sababu ni ya polepole, ya kuchanganya makisio yote mawili. Akaichagua.

Kompyuta ikaanza kuunguruma na kuchemka kama sufuria. Mkewe akaleta mfuniko, akapepea mpaka mkono ukafa ganzi, akamnyooshea mama yake.

"Niipepee mashine iliyonitia masharubu?"

"Mama, jua linazama."

Akapepea huku akiitukana.

Video ikatoka nyepesi kama ile ya kwanza, ikaenda. Wakangoja. Simu ilipolia, kwanza walisikia mtu akihema, kisha sauti kama kilio. Mama mkwe akashika kifua.

"Dada! Umepatwa na nini?"

"Sasa naona vizuri," dada alisema, na kumbe alikuwa anacheka. "Naona vizuri mno! Hayo mapaja ya kuku unayatia mkobani, ni ya nani?"

"Ni... ni ya safari!"

"Safari gani, na hujaondoka mpaka leo?"

Alicheka mpaka muuguzi akasikika akiuliza kuna nini, naye akaonyeshwa, akacheka vilevile. Tangu alazwe, dada hakuwa amecheka hata mara moja. Mama mkwe alifuta macho kwa kiganja, akamgeukia fundi.

"Mkwe wangu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo.

Nusuneno akakisia haraka. "Usijali, Mama, hapo pa kuku nitapa..."

"Utapakata? Thubutu! Mkatie dada kipande hicho cha kuku peke yake, umtumie tena acheke, kabla hawajamnyang'anya simu."