Baiskeli Ndani ya Shati

Juzi nilikuwa kwa kaunta ya polisi hapa Eldoret kuripoti kitambulisho kilichopotea. Kando yangu mama mmoja kutoka Soy alikuwa akimfunga vifungo vya shati mwanawe wa darasa la tano, aliyelazwa seli kwa kushukiwa kuiba baiskeli.

"Tulimvua nguo zote kumsachi, Mama. Ndiyo kawaida," konstebo akasema.

"Mlidhani baiskeli iko ndani ya shati?"

Konstebo akajikuna shingo.

"Na mlipata nini?"

"Hatukupata kitu."

"Mlipata. Andika hapo kwa kitabu: tulimvua nguo, tukapata ni mtoto."

Kalamu ya konstebo iliyoandika wizi wa baiskeli bila kukwama ikaishiwa wino papo hapo. Mimi, raia mwema, nikamwazima yangu.