Mzee Aliyenisainia Leseni ya Arizona

Asubuhi nilimkatia mtu riziki yake. Mchana wa siku hiyo hiyo nikamfuata anisainie karatasi ya kuthibitisha kwamba mimi ni mtu mwaminifu.

Akasaini. Tena kwa kalamu yangu.

Najua wapo watakaosema natunga. Semeni tu. Mimi nimekaa na hii kitu kifuani miaka minne, leo naitoa.

Naitwa Wade, fundi wa kuezeka mapaa. Miaka kumi na moja nilifanya kazi Elko, Nevada, chini ya mzee mmoja wa Kibaski, wale watu wenye asili ya milima ya Hispania, Delbert Urrutia. Tulimwita Mzee Del.

Mzee Del kwenye paa ni habari nyingine. Anapanda, anakanyaga mara mbili, anakuonyesha boriti iliyooza bila kung'oa kigae hata kimoja. Watu walikuwa wanamsubiri hadi mwaka mzima ili awaezekee yeye na si mwingine.

Shida yake ilikuwa moja tu. Hakujua kusoma.

Aliachishwa shule mdogo akachunge kondoo wa baba yake. Akabaki anajua kuandika jina lake, basi.

Sasa kwetu huwezi kuwa mkandarasi bila leseni. Na leseni ya kampuni haitoki mpaka mtu mmoja ndani ya kampuni akae mbele ya mtihani wa bodi ya makandarasi ya jimbo afaulu. Huyo ndiye anaibeba kampuni nzima. Akiondoka, bodi inawapa siku thelathini mtafute mwingine. Zikipita, mnashuka kwenye paa.

Aliyembeba Mzee Del nilikuwa mimi.

Alinichukua nina miaka ishirini na sita, nimetoka kwenye nyumba ya kuacha pombe wiki sita tu. Hakuna aliyetaka kuniona karibu na ngazi. Yeye akaniambia, "Wade, mimi hayo maandishi yananishinda. Nenda kafanye huo mtihani, utatuokoa."

Nikasoma kama sina akili nzuri. Nikafaulu.

Namba ya leseni ikachorwa ubavuni mwa magari yetu mawili, na kwenye faili la bodi jina likawa langu. Barua zote za kampuni nikawa nasoma mimi. Zilikuwa zinawekwa kwenye trei moja ya bati mezani, kila Ijumaa nazifungua, namweleza Mzee.

Nisiwadanganye, kichwa kilivimba. Nilikuwa nikimwangalia yule mzee nasema kimoyomoyo, bila mimi huyu hana kampuni.

Kisha mama mkwe wangu akapooza upande mmoja, huko Tucson, Arizona. Janelle, mke wangu, akasema tunahama. Hakuuliza, alisema.

Nikapata tajiri mmoja kule anajenga nyumba arobaini. Akaniambia kwenye simu, "Mapaa yote yako, kaka. Ila leseni ya Arizona niione kabla Machi haijaisha. Ukichelewa nampa mwingine."

Nikapigia simu bodi ya Arizona. Akapokea mama mmoja mpole.

"Una ya Nevada? Basi mtihani wa ufundi tunakusamehe," akasema. "Lete mtu aliyekuona kazini angalau miaka minne, asaini. Na hapa utatuambia, bado unabeba kampuni nyingine?"

"Nikiwa bado naibeba?"

"Hapo karatasi zinaongezeka, baba. Na kusubiri nako kunaongezeka."

Njia ya kiungwana ilikuwepo, tena naijua vizuri. Ningemwambia Mzee Del, tukae, tutafute mtu wa kubeba kampuni, mimi nisubiri. Ningeweza kuzikosa zile nyumba arobaini. Ndiyo hivyo.

Sikumwambia.

Jumatatu asubuhi nikatuma barua kwa bodi ya Nevada, kwamba nimejitoa kwenye kampuni ya Urrutia kuanzia siku hiyo. Nikaitumbukiza kwenye sanduku la posta, nikawasha gari.

Mchana nikamkuta Mzee Del kwenye mkahawa wa Wabaski, pale anapokula mchuzi wa kondoo kila Jumatatu. Akanivutia kiti.

"Kaa, Mhamiaji. Umeshaanza kunuka dungusi za jangwani."

Wote mezani wakacheka. Kuhama alikuwa anajua. Ambacho hakujua ni ile barua.

"Mzee, nina karatasi ya Arizona. Wanataka saini yako."

Akafuta mikono, akaivuta ile fomu, akaiangalia kama anaisoma. Halafu akanirudishia.

"Nisomee. Yote."

Nikasoma. Kwamba yeye, Delbert Urrutia, ananifahamu miaka kumi na moja. Kwamba ameniona kwa macho yake nikiezeka. Kwamba mimi ni mtu wa kuaminika.

Chini kulikuwa na mstari mmoja unaosema nimeshajitoa kwenye kampuni yangu ya zamani, pamoja na tarehe. Tarehe ya siku ile.

Nikauruka.

"Ndiyo yote?" akauliza.

"Ndiyo yote, Mzee."

"Na leseni yetu sisi?"

"Hiyo usijali. Iko pale pale mpaka upate mtu."

Aliniangalia kidogo. Akasema, "Haya, lete kalamu." Akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, ulimi umetoka pembeni. Akanisukumia bakuli la mchuzi.

"Kula, safari ni ndefu."

Nilikula. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilikula na nikaongeza mkate.

Leseni ya Arizona ikatoka vizuri tu, kabla ya Machi. Janelle akaifunga kwenye fremu. Mimi nikawa napandisha watu kwenye mapaa ya Tucson na kujiambia Mzee bila shaka ameshapata barua ya bodi, atakuwa amejipanga.

Siku ya thelathini na tano, Jumatatu, simu ikalia. Alikuwa Cisco, mwenzangu wa Elko, tuliyeshika naye kamba miaka saba.

Hakusalimia.

"Wewe jamaa una roho gani?"

"Kuna nini?"

"Mkaguzi wa bodi kaja pale kwenye kanisa la Wabaski tunaloezeka. Tumeng'oa paa upande mzima, kaangalia namba ya leseni, kasema haina mtu. Katushusha wote. Mzee kabaki anamuuliza, mbona Wade yupo? Anakutetea wewe! Mbele ya watu!"

Nikakaa chini pale pale juu ya marobota ya vigae.

"Lakini bodi iliwaandikia barua..."

"Barua zipo kwenye trei, Wade. Tatu. Hazijafunguliwa. Nani wa kumfungulia?"

Jamani. Miaka kumi na moja nafungua barua za yule mzee, na halikunipitia kichwani hata sekunde moja.

"Wawili wameshaenda kuomba kazi mgodini," Cisco akasema. "Na theluji inakuja Alhamisi." Akakata.

Tajiri aliniachia Alhamisi, nikaendesha kutoka Tucson mpaka Elko karibu bila kusimama. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nitaomba msamaha, nitaandika barua kwa bodi, nitarudi kuwabeba hata kama Arizona wananinyang'anya ya kwao. Nilikuwa tayari kabisa, nadhani.

Nilifika Ijumaa saa nne asubuhi. Theluji ilikuwa imenitangulia. Turubai juu ya kanisa lilikuwa limechanika, na ndani dari ya mbao ambayo babu zao walipigilia kwa mikono ilikuwa imevimba na kudondosha maji kwenye viti. Akina mama walikuwa wanakinga ndoo. Hakuna aliyenisalimia.

Lakini juu ya paa kulikuwa na nyundo zinalia.

Nikatoka nje nikatazama. Mzee Del huyo juu, na Cisco, na wengine watatu. Nikadhani wamechanganyikiwa, wanafanya kazi bila leseni, watafungwa.

"Mzee!" nikapiga kelele. "Shukeni! Bodi wakija..."

Akashuka ngazi taratibu. Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, akanipa.

"Nisomee," akasema.

Ilikuwa barua ya bodi. Kampuni ya Urrutia imerudishiwa leseni kuanzia jana. Mtu anayeibeba: Delbert Urrutia.

Nikairudia mara tatu.

"Umefanya mtihani?"

"Jumanne. Binti yangu alikuja kutoka mji wa Boise, akafungua zile barua, akanipeleka."

"Umefanyaje sasa, na wewe huwezi..."

"Wanakusomea. Ukiomba, wanakuwekea mtu anakusomea maswali, unajibu kwa mdomo. Nimepata tisini na moja." Akajikuna kidevu. "Wewe ulipata ngapi?"

Nilipata sabini na nne. Nikageuza mazungumzo.

"Ulijua lini kwamba wanasomea watu?"

"Binti yangu aliniambia mwaka ule ule nilipokuajiri."

Nikamuuliza, "Kwa nini hukufanya wewe toka mwanzo?"

"Ulikuwa unatetemeka mikono, Wade. Kila jioni nilikuwa najua unapita nje ya baa. Nikaona huyu akiwa na kitu chenye jina lake, na watu wanakitegemea, kesho yake ataamka. Ukaamka." Akageukia kanisa. "Nikasema siku akitaka kuondoka, ataniambia, nitakwenda kufanya. Wiki moja ingetosha. Hili paa lisingekaa wazi."

Mimi niliyejiona nguzo. Kumbe miaka yote nilikuwa nimebebwa, na sikuhisi hata mkono.

Nikalia pale kwenye matope, mtu mzima na ndevu zangu. Nikamwambia nisamehe, Mzee. Nikamwambia yote, barua ya asubuhi ile, mstari niliouruka.

"Ulipomaliza kusoma nilijua kuna kitu," akasema. "Karatasi ilikuwa na maneno zaidi, na mdomo wako ukasimama. Nikakuuliza mara mbili. Nilikuwa nakusubiri."

"Sasa ulisaini ya nini?"

"Kwa sababu kuezeka unajua. Hilo halikuwa uongo."

Nikachukua mkanda wangu wa nyundo kwenye gari, nikauvaa, nikashika ngazi. Angalau nifunge paa nililolifungua.

Akaweka mkono wake kwenye ngazi, juu ya wangu.

"Hapana."

"Mzee, siku moja tu. Bure."

"Juu ya paa langu wanapanda watu wangu." Hakupaza sauti. "Nenda nyumbani kwa mkeo."

Akapanda. Cisco akampa mkono juu, na nyundo zikaendelea. Nilisimama pale chini mpaka nilipoanza kuwa kizuizi kwa watu wanaopitisha mbao, nikaondoka.

Simu yangu hupokea. Ananiuliza hali ya mama mkwe, ananitajia hali ya hewa, anaaga. Lile jina la Mhamiaji hajaniita tena.

Ndugu msomaji, kama kuna mtu kazi yake imeegemea jina lako, saini yako, au neno lako tu, na wewe unataka kuondoka, ondoka. Ni haki yako. Lakini kwanza kaa naye uso kwa uso umwambie, hata kama utachelewa, hata kama utakosa nyumba arobaini. Mimi nilizipata zote, nikaziezeka zote, na zote hazivuji.