Mtani Aliyeacha Kutukana

Wajukuu zangu wakisikia redioni kwamba mchezaji fulani ametoka jela na timu yake inataka kumrudisha, nyumba hugawanyika papo hapo. Mmoja anasema mtu akishatumikia kifungo chake yamekwisha, aachwe ale kwa miguu yake. Mwingine anauliza watoto watajifunza nini. Mimi hujiondokea nikaenda kuchambua mchicha, maana nikibaki nitagombana na wote wawili. Mjadala huo niliusikia Tabora enzi ya Mwingereza, ukimhusu kaka yangu wa tumbo moja, na waliosema aruhusiwe na waliosema asiruhusiwe, wote walikuwa wanaangalia pasipo penyewe.

Kaka yangu alikuwa winga wa kulia. Baba alikuwa mkulima wa tumbaku huko Goweko, Mkatoliki wa kufa na rozari yake, na mpira aliuona kazi ya watu wasio na jembe. Lakini ni mpira huohuo uliompatia kaka kibarua kwenye karakana ya reli mjini, kwa kuwa mabwana wa reli walipenda kuwa na timu inayoshinda. Alipata chumba katika nyumba za wafanyakazi, akaniita nikae naye nimpikie. Nami nikauza karanga sokoni ili nisimtegemee kwa kila kitu.

Njumu za timu zilishonwa na fundi mmoja aliyekuwa na baraza lake pembeni ya soko. Alikuwa Mzaramo, babu yake alikuja na misafara ya kutoka pwani, akaoa hapo hapo akasahau njia ya kurudi. Kwa hiyo alikuwa mtani wetu. Utani wetu na watu wa pwani ulizaliwa katika njia ile ya misafara, na pale Tabora haukuwa mchezo wa kupitishia muda. Fundi alituita wapagazi, sisi tukamwita mla nazi aliyepotea. Nikipita na ungo wangu alichota karanga kiganja kizima bila kuomba, akatangaza soko zima kwamba mimi ni mke wake mdogo nisiyejua kupika. Nilimtukana hadi sauti ikakauka, kisha nikaenda zangu moyo mweupe. Kaka akishika mpira uwanjani, sauti ya fundi ndiyo iliyotangulia kusikika: eti mpagazi atue mzigo, watu wamechoka kumsubiri. Kaka alisema bila kelele zile miguu yake haipati moto.

Mama yetu alipofariki, fundi alipanda treni na watani wenzake wakaja Goweko. Alivaa khanga ya marehemu, akajigaragaza mbele ya kaburi, akadai hazikwi mtu mpaka alipwe tumbaku aliyoficha mama. Waombolezaji walicheka huku machozi yanawatoka. Kaka naye alicheka. Ndivyo inavyotakiwa, na mtani asiyekuja kukufanyia hivyo msibani unabaki kujiuliza umemkosea nini. Lakini mimi nilimtazama kaka usoni nikaona amecheka kwa kuwa ilimbidi. Kilio chake kilikuwa bado hakijatoka.

Wiki chache baadaye timu ya reli ilicheza na timu ya mjini, kaka akakosa penalti, tukafungwa. Kesho yake fundi alichukua kiatu kikuukuu, akakivika kitambaa cheupe, akakizungusha sokoni kama maiti. Marehemu, alisema, ni mguu wa kulia wa yule mpagazi. Watu wakamfuata wakicheka, mimi mmojawapo. Kaka alitoka karakanani akatukuta mbele ya baraza la fundi. Hapo fundi akaigiza sauti ya mama yetu, ile sauti yake nyembamba kabisa, akalia, "Mwanangu, mguu huo nilikuzalia wa nini?"

Kaka aliokota chuma cha kugongea viatu akampiga nacho usoni. Jicho la kushoto la fundi halikuona tena.

Mahakamani hakimu alikuwa Mzungu mwenye uso wa upole. Mkalimani alimweleza kwamba mshitakiwa alidhihakiwa mama yake aliyezikwa juzi tu, na mimi niliona macho ya yule mzee yakilainika. Akasema kijana amechokozwa kupita kiasi, mwana yeyote angeumia, kwa hiyo atampunguzia kifungo. Chumba kizima kiliguna. Hakimu alidhani tumeguna kwa kuwa adhabu ni kubwa. Watu waliguna kwa kuwa alichokitaja kama sababu ya nafuu ndicho kilichokuwa kosa lenyewe. Kumpiga mtu ukamtoa jicho ni vibaya, nako kuna faini zake na jela yake. Kumpiga mtani katikati ya utani, hilo wazee wa pale hawakuwahi kuliona, na hakuna aliyejua linalipwa kwa kitu gani.

Akakaa gerezani mwaka na ushei akivunja mawe. Alipotoka, reli walikuwa wamempa mtu mwingine kazi yake na chumba chake. Mimi nilikuwa nimepanga kibanda karibu na soko, akaja kulala kwenye mkeka wangu. Hakuna aliyetaka kumwajiri. Mchana alizunguka kutafuta kibarua, jioni alikimbia peke yake pembezoni mwa reli, na kasi yake ilikuwa ileile. Aliniambia akirudishwa timuni, mabwana wa reli watamwona, watamrudishia kazi, na watu watamzoea tena. Alikuwa amekonda shingo, na alikuwa na tabia mpya ya kusimama na mikono nyuma kila anapozungumza na mtu. Niliichukia sana ile mikono.

Viongozi wa timu walikaa kikao. Mwalimu mmoja wa shule ya misheni akasema haiwezekani, vijana wanamtazama mchezaji kama kioo. Karani mkuu wa stesheni, aliyekuwa mwenyekiti, akasema serikali imeshamsamehe, wao ni nani wasimsamehe, na isitoshe timu imefungwa mara nyingi mno. Wakabishana mpaka mzee mmoja akakata shauri: aulizwe fundi. Fundi akikubali, yamekwisha.

Wakaenda. Wakarudi wanatembea haraka kwa furaha, wakapita kwangu kunipa habari. Fundi aliwapokea vizuri, akawapa viti, akasema kijana acheze, yeye hana neno. Nikawauliza kama alimtukana kaka yangu hata kidogo. Mwenyekiti akanishangaa. Akasema hapana, mwanamke wewe, mtu alizungumza kwa heshima tupu, alimwita bwana. Waliposhuka barazani kwangu nilikaa chini. Tangu siku ya kesi, mimi nikipita na ungo wangu, fundi aliniamkia vizuri, akanunua karanga, akalipa. Nilikuwa nimejidanganya kwamba ni maumivu, yatapita.

Kaka alirudi uwanjani Jumapili alasiri, dhidi ya timu iliyotoka upande wa Nzega. Nilisimama karibu na kona. Watu walikuwa wengi, na fundi alikuwepo, amekaa kwenye benchi na watani wenzake, kitambaa cheusi jichoni. Kaka alipopata mpira wa kwanza niliona ameinua kichwa kidogo, anasikiliza. Kimya. Akampita beki wa kwanza, akampita wa pili, watu wakapiga makofi kama wanavyompigia mgeni kanisani. Kipindi cha pili akafunga goli safi, la chini kwa chini. Wenzake wakamkumbatia. Kwenye lile benchi watu wa pwani walipiga makofi wakanyamaza. Hakuna aliyemwambia kitu. Nilitamani mmoja tu amtukanie ukoo. Nilitamani kupiga kelele mimi mwenyewe, lakini mimi ni dada yake, ningemtukana ingekuwa matusi tu.

Mwenyekiti alifurahi sana, akaahidi kusema na mabwana wa reli siku inayofuata. Kaka akamshukuru. Akavua njumu, akanipa nizibebe, akasema anataka kupita kwa fundi kabla hatujaenda nyumbani. Nilimwambia asiende. Akaenda, nami nikamfuata kwa hasira, sijui nilikuwa nimemkasirikia nani.

Fundi alikuwa ameshafika barazani kwake. Alituona, akasimama. Alitukaribisha, akatuvutia kigoda, akampongeza kaka kwa goli. Kaka hakukaa.

"Mtani," alisema, "nitukane."

Fundi akauliza kama njumu zimemsumbua, pengine zinabana kwa mbele.

"Sikuja kwa ajili ya njumu. Nitukane mimi, mtukane baba, mtukane hata mama. Nitacheka. Naapa nitacheka."

Fundi alipangusa mikono kwenye aproni yake. Nilipomtazama vizuri niliona mguu wake mmoja umerudi nyuma, karibu na mlango, na kile chuma cha kugongea viatu hakikuwa juu ya meza yake ya kazi. Kilikuwa ndani, mbali na mkono wa mgeni.

"Bwana, mimi sina kinyongo na wewe," alisema. "Hilo niliwaambia wakubwa wako, na ni kweli. Usiku huwa nakuombea. Lakini mtu unamtania ukijua hatakugusa. Mimi nimebakiwa na jicho moja, na mdomo wangu sasa unaniogopesha mwenyewe. Sikuchukii. Nakuogopa."

Hakuwa amepandisha sauti. Laiti angepandisha. Nilikuwa na matusi yangu yote tayari kwa siku ile, na hapakuwa na mtu wa kumtupia.

 Kaka akaipeleka mikono yake nyuma ya mgongo, akaifumbata, ili fundi aone mahali ilipo, akamuaga. Tukavuka soko lililokuwa linafungwa, watu wakatupisha kwa adabu. Yeye alitembea mbele, mikono bado nyuma, na mimi nilibeba njumu.