Kiungo Aliyebaki Uwanjani

Watu wakisikia kwamba nimechezea Newala, Mtwara, Lindi, Songea na Tanga, huniangalia kwa heshima. Hudhani kila mji ulinigombea. Hawajui kwamba mara nyingi sikuitwa kule nilikokwenda. Nilisindikizwa kuondoka kule nilikotoka.

Nilikuwa hafubeki, au kiungo kama wanavyosema vijana wa leo. Kazi ya kiungo ni kuupokea mpira kutoka nyuma na kuufikisha mbele. Kuupokea niliweza. Kuufikisha ndiko kulikokuwa na mashaka. Sikuwa na mbio, kichwa changu kiliukwepa mpira bila kuniuliza, na sikio langu la kushoto lilikufa nikiwa mdogo, pale kwetu karibu na Mkunya, wilayani Newala, lilipotoa usaha masika nzima na mama akalitia kila dawa aliyoelekezwa na majirani. Mwenzangu akiniita upande wa kushoto, afadhali angeita kutoka Masasi.

Kilichoniingiza timu ya wilaya ni pumzi. Kule juu kwetu maji ni ya shida, chemchemi ziko chini bondeni, na mama hakujaliwa binti. Basi nilikuwa mvulana pekee katika msururu wa wasichana waliopanda mlima na debe kichwani. Walinicheka mpaka nikazoea kuchekwa, na mazoea hayo yalinifaa sana nilipoanza mpira.

Miaka ile vita ya Msumbiji ilikuwa jirani yetu. Ukisimama pale Newala ardhi inapokatika, unauona mto Ruvuma chini, na ng'ambo yake nchi ya ndugu zetu, wanaosema Kimakonde kama sisi, wakipigana na Mreno. Ndege za Mreno zilikuwa zikivuka mto, na vijiji vya mpakani vilikwisha onja mabomu. Kwa hiyo shuleni kulikuwa na mahandaki, sokoni kulikuwa na mahandaki, na uwanja wetu wa mpira ulikuwa nayo pande zote mbili. Tulifundishwa kwamba ukisikia mlio, kimbia, ingia, lala, funika kichwa.

Ukisikia.

Siku moja ya sikukuu tulicheza na timu ya wakimbizi. Nahodha wao alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyevuka mto na mkewe na watoto, wakitembea usiku na kujificha mchana. Refa alikuwa mwalimu kutoka Bukoba, mtu wa sheria, aliyevaa soksi ndefu zilizovutwa mpaka magotini. Wakimbizi walitangulia kwa bao moja, na sisi tukahangaika mpaka jua likaanza kulala.

Ndipo mpira ukanifikia katikati ya uwanja. Nikaugeuza. Kwa kawaida, nikigeuka hivyo, nilimkuta mtu kifuani. Safari hii sikukuta mtu. Nikasogea, bado hakuna mtu. Beki wao mmoja alijitupa chini mbele yangu, nami nikaamini kabisa kwamba nimempiga chenga ya mwili. Mwingine akanipa mgongo na kutimua mbio. Moyo wangu ukajaa. Nikajiambia, leo wamenitambua! Hata golikipa aliniona nakuja, akaacha goli lake na kukimbilia pembeni. Sikushangaa. Mtu akianza kujiamini, hakuna kinachomshangaza.

Nikapiga. Goli tupu, mimi peke yangu, na mpira ukagonga mlingoti ukanirudia. Nikapiga tena, ukaingia.

Nikanyanyua mikono, nikakimbia kushangilia mbele ya mashabiki. Mashabiki hawakuwapo. Nilichokiona ni visogo vilivyojipanga ukingoni mwa handaki, na baibui moja jeusi lililotandazwa juu ya watoto. Hapo ndipo sikio langu zima lilipopata habari. Ndege ikapita juu yetu, ndogo, nyeupe, ikielekea Masasi taratibu. Ilikuwa ya serikali yetu wenyewe.

Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakijipangusa mchanga. Refa akatoka wa mwisho, soksi zimemshuka.

"Si goli," alisema. "Mpira ulikuwa umesimama. Nilipuliza filimbi."

"Uliipulizia wapi, mwalimu?" nahodha wetu akamwuliza.

"Humo handakini."

Watu wakaangua kicheko, kisha kicheko kikageuka kelele. "Lefa, goli! Goli, lefa!" Sisi watu wa kule r na l ni watoto wa mama mmoja, na mwalimu alichukia kuitwa hivyo kuliko alivyochukia ndege.

Nahodha wa wakimbizi akanijia. "Ndugu yangu, hukuiona ndege?"

"Sikuisikia," nikamjibu. "Sikio hili ni bovu."

Akamgeukia refa. "Mwalimu, weka goli. Sisi tumezikimbia ndege toka kwetu mpaka hapa. Tukimpata mmoja ambaye hakukimbia, tumpe haki yake."

Nilitaka kusema tena habari ya sikio, lakini niliona wenzake wakiitikia kwa vichwa taratibu, watu wazima waliozika watoto njiani, nikaenda kuuokota mpira. Mwalimu akaweka goli. Tukatoka sare.

Habari ilipofika Masasi, ndege ilikuwa ya Mreno. Ilipofika Lindi, ilikuwa imedondosha bomu. Mtwara walisema nililipiga chenga bomu lenyewe. Kila aliyeniuliza nilimwambia ukweli wa sikio, na kadiri nilivyousema ndivyo walivyoniona mnyenyekevu. Muda si mrefu akaja bwana mmoja mwenye suti ya Kaunda, kiongozi wa timu ya shirika moja la umma kule Mtwara.

"Mpira tunao wengi wanaoujua," aliniambia. "Tunatafuta mtu asiyetishika."

Basi nikaajiriwa kuwa karani wa ghala. Ghalani sikuonekana sana, na viongozi walianza kutamani nisionekane sana na uwanjani. Mtwara walinivumilia msimu mmoja, wakanisifu kwa watu wa Lindi kwa maneno matamu mno. Lindi nao wakagundua, wakanisifu Songea. Songea kuna baridi. Nilikaa benchi nimejifunika blanketi la timu, na kocha akawa ananiuliza kama mimi ni mchezaji au mgonjwa. Wakanisifu Tanga. Kocha wa Tanga, mzee mmoja mpole, alinitazama mazoezini kwa wiki nzima, kisha akanivuta kando.

"Mwanangu, ujasiri unao. Na mpira je?"

"Unakuja, mzee."

"Unatoka wapi?"

Tanga walikosa mtu wa kunisifu kwake, wakanipa likizo.

Nikapanda mabasi siku kadhaa mpaka Newala, nikashika njia ya kwetu kwa miguu. Nilipofika nikapiga hodi. Nyumba haikuwa na paa. Nikapiga hodi tena, kama mjinga, mbele ya kuta tupu. Mikorosho ilikuwapo, mabibo yamelala chini yakioza, na nzi ndio wenyeji.

Mama mmoja aliyekuja kuokota korosho kwenye shamba lake la zamani akanionea huruma. "Wote wamehamishiwa kijiji cha ujamaa. Fuata hiyo barabara mpya."

Nilikuta nyumba zimepangwa mstari, zote sura moja, na mimi mtembezi wa mikoa nikapotea kijijini kwetu. Niliwaamkia mama za watu kabla ya kumpata wangu. Alikuwa ameketi mlangoni anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alinitazama toka kichwani hadi miguuni. "Umenikuta na mimi nimehamishwa timu."

Nilicheka, naye akacheka, kisha akaacha. "Shamba limekuwa mbali. Maji wameahidi. Lakini baba yako amebaki kule peke yake." Alimaanisha kaburi. Nilikaa chini karibu naye, nikachukua kisu na muhogo, nikamenya. Nilimwambia nimekuja likizo. Hakuuliza itaisha lini. Kesho yake tulikwenda wote wawili kulifyekea kaburi majani, na toka hapo ikawa desturi yetu.

Sikurudi Tanga. Nililima, nikaokota korosho, na jioni nikachezea timu ya kijiji. Walinipa unahodha kwa ajili ya safari zangu. Siku tulipocheza na watu wa Chiwata, mama alikuja uwanjani. Alikuwa hajawahi kuniona nikicheza. Alikuwa amesikia tu, tena yale ya Mtwara, ya chenga na bomu. Alivaa kanga yake mpya, akaketi na wenzake, na mimi nikajitahidi kwa nguvu zote zilizobaki. Tulifungwa.

Tukiwa njiani kurudi aliniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari ya ugonjwa.

"Mwanangu, wenzako wote wanakwenda mbele na kurudi nyuma. Mbona wewe unazunguka pale katikati kama mtu aliyedondosha kitu?"

"Ndiyo kazi yangu, mama."

"Ndiyo uliyokuwa ukiifanya Tanga?"

"Ndiyo."

"Wakakulisha?"

"Walinilisha."

Akaifunga vizuri kanga yake mpya.

"Basi," alisema, "watu wa Tanga wana roho nzuri sana."