Kugandisha Bomba la Mwanajeshi

Shemeji yangu, aliyenifundisha kugandisha bomba, hana kaburi. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani nasimulia ufundi kwa raha zangu.

Ilikuwa Kampala, enzi ya utawala wa wanajeshi. Tulikuwa mafundi bomba wa Kisenyi, yeye mume wa dada yangu, mimi mwenzake wa kazi. Ofisa mmoja alituita Ntinda, kwenye nyumba aliyojitwalia baada ya Wahindi kufukuzwa. Bomba la jikoni lilikuwa limepasuka. Fundi aliyetutangulia alishindwa, akatiwa kwenye buti ya gari, na mkewe hakumwona tena. Basi tukajua tunafanyia nini kazi siku ile: kurudi nyumbani.

Koki kuu ilikuwa getini, na juu yake walinzi walikuwa wamepanga magunia ya mchanga na bunduki. Nani angewaambia wasogee? Mimi simo. "Tutagandisha," shemeji akasema. "Maji yakiganda ndani ya bomba, barafu yenyewe huwa koki."

Barafu tuliipata kwa muuza samaki. Chumvi ndiyo ilikuwa shida, maana madukani haikuonekana. Dada alitoa akiba yake huku amenuna.

"Sisi twala mchuzi chapwa, nyinyi mwaenda kulilisha chumvi bomba la mwanajeshi!"

Barafu peke yake haitoshi. Chumvi ndiyo inayoizidishia baridi. Unaiponda barafu, unachanganya, unalifunga bomba kwa gunia lenye mchanganyiko huo upande maji yanakotoka, kisha unangoja na kuongeza. La muhimu ni maji yatulie. Koki yoyote ya nyumba ikifunguliwa kabla hayajaganda, umejisumbua bure.

Weupe wa baridi ulikuwa umeanza kutambaa nje ya gunia mlinzi mmoja alipoiendea koki ya uani, kikombe mkononi.

"Afande, ngoja kidogo," shemeji akamwambia.

"Wewe nani nakataza mimi kunywa maji?"

Shemeji akachagua pande la barafu lisilotiwa chumvi, akampa kwa mikono miwili. Yule bwana akaketi kizingitini na bunduki yake, akalinyonya.

Tukalegeza nati. Yakatoka matone, yakakoma. Tukakata kipande kibovu, tukaunga kipya kwa katani na rangi maungio yasivuje, tukaliacha bomba liyeyuke lenyewe. Ukilichoma moto kwa haraka linapasuka upya.

Ofisa akarudi, akafungua koki, maji yakaja. Akauliza tuliyazuiaje bila koki kuu. Nilimkanyaga shemeji mguu, lakini mtu yule aliipenda kazi yake kupita kiasi. Akaeleza yote, barafu, chumvi, gunia, uso unang'aa. Bado nina hasira naye kwa hilo, Mungu anisamehe.

"Wewe fundi kabisa," ofisa akasema. "Kule kambini iko bomba ingine. Panda gari."

"Na mwenzangu?"

"Moja natosha."

Akapanda na mfuko wake wa spana. Walimweka kiti cha mbele, nami nikajipa moyo kwa hilo njia nzima.

Dada alikuwa mlangoni. "Mwenzako yuko wapi?"

"Amepata kazi nyingine," nikasema.

"Alhamdulillahi," akajibu, akaingia ndani kumfunikia chakula chake.